Habari za Njaa katika Ugogo

Katika kitabu hiki cha jubilei ndugu zetu wameandika habari za makanisa na shule na hospitali, jinsi yalivyojengwa, na nani waliochukua mawe na maji. Sisi tumepewa kuandika habari za njaa. Wako waliouliza, je, yafaa katika kitabu cha shangwe kutia habari za vifo? Tuliwajibu ya kuwa wazee wetu wa Ugogo hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, walihesabu kwa njaa. Mzee akiulizwa alizaliwa lini, alijibu, Kabla ya Mtunya, au, Mtunya ilinikuta nikichunga ndama. Basi mtu akitaka kuandika historia ya Wakristo wa nchi hii akaziruka njaa, ataandika habari za kuta tu.

Msomaji aliye mgeni yampasa kwanza ajue nchi yenyewe ilivyo. Ugogo ni nchi ya mibuyu na miiba, katikati ya Tanzania, na mvua yake kwa mwaka ni yapata milimita 500 mpaka 600. Msimu ni mmoja tu, tangu mwezi wa Desemba hata Aprili. Kiasi hicho cha mvua chatosha uwele na mtama, kama kingenyesha kwa utaratibu. Lakini mara nyingi mwezi wa Februari, mimea ikiwa imefika magotini au kiunoni, mbingu hufunga. Pengine hufunga juma moja, pengine majuma manne. Hapo ndipo mwaka wa shibe na mwaka wa njaa huachana njia. Twasema hivi kwa sababu wengi hudhani ukame ni kukosa mvua kabisa. Sivyo. Imepata kuwa kipimo cha mvua kilionyesha mwaka mwema, kwa kuwa siku chache zilileta mafuriko, na ghala zikawa tupu mwaka ule ule.

Wazee walijua tabia hii ya nchi yao, wakajikinga kwa njia zao. Mtu hakulima shamba moja kubwa, alilima vipande mahali mbalimbali, kingine bondeni na kingine mlimani, maana mvua ya Ugogo huweza kunyesha upande huu wa kijito na kuuacha upande ule. Nafaka iliwekwa katika vilindo vya magome ndani ya tembe, na mwenye nyumba mwenye akili hakumaliza uwele wa mwaka huu kabla hajaona uwele wa mwaka ujao umechanua. Ng'ombe nao hawakuwekwa katika zizi moja. Wengine walikaa kwa rafiki na wakwe, mwendo wa siku mbili au tatu, hata ugonjwa au ukame ukipiga hapa, wale wa kule wasalie. Tena, mambo yakizidi, watu walikwenda kuhemea: walichukua mbuzi, chumvi, au nguvu za mikono yao, wakaenda kwa jirani waliovuna, Ukaguru, au Uhehe, au kwa Warangi wa Kondoa, wakarudi na mizigo ya nafaka. Kuhemea hakukuwa aibu. Aliyehemea leo alijua ya kuwa kesho atahemewa yeye. Wasomaji wa Biblia watakumbuka Elimeleki wa Bethlehemu aliyekwenda Moabu na mke wake na wanawe wawili. Mgogo akisomewa habari ile haulizi kwa nini alikwenda.

Hata katika siku za misafara ya pembe nchi hii ilikuwa na chakula cha kuuza. Misafara iliyotoka pwani ilivuka Marenga Mkali, jangwa la maji machungu lililo mbele ya Mpwapwa, ikaingia Ugogo ikiwa na kiu na njaa, ikanunua mtama na maji, tena ikalipa hongo kwa watemi. Wazungu waliopita katika misafara ile walinung'unika sana katika vitabu vyao kwa ajili ya hongo hiyo. Sisi twaona ya kuwa watu wasio na akiba hawawezi kuuza chakula kwa msafara wa mamia ya watu.

Hapana budi tuseme neno juu ya watemi na mawe ya mvua, ingawa wengine wangependa tunyamaze. Mtemi ndiye aliyeshika mawe ya mvua, na mbegu zilipelekwa kwake kabla ya kupandwa. Wamisionari waliofika Mpwapwa tangu mwaka 1876 walilikataa jambo hilo, na sisi tuliolelewa katika mafundisho yao tumelikataa vivyo hivyo. Lakini mtemi alikuwa na kazi ya pili, nayo ilikuwa ya kweli: alikuwa mtu ambaye watu walimwendea pamoja, wakakubaliana siku ya kupanda na mahali pa kuchunga. Uwezo wa mtemi ulipovunjwa, kazi ya kwanza ilipotea na kazi ya pili ikapotea pamoja nayo, wala haikuwekwa nyingine mahali pake kwa muda mrefu. Mwalimu wa dini aliyeitisha sala ya mvua alijikuta anatazamwa kama mtemi mpya. Mvua ikinyesha, sifa. Isiponyesha, watu walimtazama kwa macho ambayo sisi nasi tumetazamwa, na hatutaki kuyaeleza.

Sasa twaja katika Mtunya, njaa iliyoshika nchi tangu mwaka 1917 hata 1920. Wazee wafafanua jina hilo kuwa ni kugombania, yaani kila mtu kunyang'anya apate kuishi. Inakadiriwa ya kuwa watu wa Ugogo walikuwa yapata 150,000, na waliokufa yapata 30,000, ndiyo kusema mmoja katika kila watano. Msomaji na aihesabu nyumba yake mwenyewe, atafahamu.

Ni nini kilichowaua? Mvua zilikosa, hilo ni kweli. Lakini mvua zilikuwa zimekosa mara nyingi kabla ya hapo bila kuua mmoja katika watano. Tofauti ilikuwa vita. Wadachi, walipokuwa wakipigana na Waingereza katika nchi hii, walitwaa ng'ombe na nafaka za watu ili kulisha askari wao. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yaliingia Dodoma, na Dodoma ikawa mlango wa kwenda Iringa. Majeshi hayo nayo yalitaka kula. Yalitwaa ng'ombe, yalitwaa unga, na zaidi ya yote yalitwaa watu. Vijana maelfu walifanywa wapagazi, wakachukua mizigo ya vita vichwani kwenda kusini, na wengi hawakurudi. (Wale wakaao Dar es Salaam hutaja Kariakoo kila siku; jina hilo latoka katika kambi ya wapagazi wa vita ile.) Basi tazama jinsi kinga za wazee zilivyoondolewa moja moja. Vilindo vilikuwa vitupu kabla ya jua kuanza kuwaka. Ng'ombe waliofichwa kwa wakwe walitafutwa hata huko. Mikono ya kulima ilikuwa porini chini ya mizigo. Na kuhemea kulikuwa kwa nani, iwapo jirani nao walikuwa wamenyang'anywa? Kisha, mwisho wa mwaka 1918, likaja homa kuu la mafua lililoenea ulimwengu mzima, likawakuta watu wameisha kwa njaa.

Katika mtaa wetu alikuwako bibi mmoja, sasa amekwisha lala, ambaye tulipokuwa watoto alitusimulia Mtunya, maana alikuwa mtoto wa njaa ile. Baba yake alimchukua kwa miguu mpaka Ukaguru, akamwacha katika nyumba ya mtu kwa kikapu cha mtama, kwa ahadi ya kumkomboa. Watoto wengi waliwekwa rehani hivyo, wala bibi hakumlaumu baba yake. Alisema, Mimi nilikula kule, na ndugu zangu walikula ule mtama. Baba alirudi akiwa na ndama baada ya mvua tatu. Mtoto alikuwa amesahau Kigogo. Alijificha nyuma ya yule mama wa Kikaguru, akamwita baba yake mgeni. Bibi alipofika hapo katika hadithi alicheka siku zote, nasi tulicheka pamoja naye, kwa kuwa tulikuwa watoto.

Na Kanisa lilifanya nini katika Mtunya? Twataka kusema kweli katika kitabu cha jubilei, maana uongo wa jubilei hudumu. Kanisa lilifanya kidogo, kwa sababu halikuwa na mikono. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefungwa na Wadachi na kupelekwa Tabora, hata Wabeljiji walipoitwaa Tabora mwezi wa Septemba 1916 ndipo wakafunguliwa. Walimu wetu Waafrika nao walikamatwa kwa kudhaniwa kuwa rafiki wa adui, wakateswa. Madarasa yalikuwa yamefungwa, Wakristo wametawanyika. Serikali mpya ya Waingereza ilileta chakula kwa reli, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910. Lakini reli husimama stesheni, na mwenye njaa aliye mwendo wa siku tatu kutoka stesheni hana miguu ya kuifikia. Jambo hili limerudi katika kila njaa iliyofuata. Chakula cha msaada hufika mahali penye njia, nayo njaa huanza mahali pasipo njia.

Baada ya Mtunya vituo vilifunguliwa tena, na madarasa yakajaa. Hapo liko jambo ambalo walimu wa dini wameligombania tangu siku zile hata leo. Wengine wasema, waliingia kwa ajili ya chakula. Huenda ni kweli kwa baadhi yao. Lakini sisi tumekaa na kuwafundisha watu wakati wa njaa, na neno letu ni hili: mtu aliyepoteza ng'ombe, na watoto, na mtemi wake, huuliza maswali ambayo mwenye shibe haulizi. Kumpa chakula kwa sharti la kuandikwa darasani ni dhambi, na palipofanyika hivyo tunaona haya. Kumfukuza darasani kwa sababu ana njaa ni dhambi nyingine.

Mwaka 1927 Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa, nasi tukaachana na Dayosisi ya Mombasa, Askofu wetu wa kwanza akiwa George Alexander Chambers, aliyetoka Australia. Miaka ya mwanzo ya dayosisi ilikuwa pia miaka ya nzige. Hatutaieleza sana, maana habari za nzige zajulikana kila mahali katika Afrika ya Mashariki.

Lakini habari ya Kongwa yataka kusimuliwa. Mwaka 1946 Waingereza, wakiwa na upungufu wa mafuta ya kula kwao baada ya vita vya pili, waliazimia kulima karanga katika Tanganyika, zaidi ya ekari milioni tatu katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa. Matrekta yaliletwa, na mashine zilizokuwa za vita zikageuzwa za kung'oa miti. Mibuyu iliyashinda matrekta. Udongo, jua lilipouwaka, uligeuka kuwa kama saruji, karanga zikanaswa ndani yake. Na mvua ilifanya kama ifanyavyo siku zote: ilikosa. Vijana waliacha mashamba ya baba zao kwenda kulipwa mshahara, chakula cha jirani kikanunuliwa kulisha kambi, na ukame ulipokuja mwisho wa miaka ile ya 1940 nyumba zao zilikuwa na shilingi bila uwele. Mwaka 1951 shughuli ile iliachwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa yapata pauni milioni 36. Nchi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe, ndiyo kazi wazee waliyokuwa wakiifanya hapo kwanza.

Ilipopata mwaka wa uhuru, 1961, ukame ulikuwa umekwisha tangulia sherehe. Tanganyika ilipokea bendera yake huku watu wengi wakila mahindi yaliyoletwa kutoka Marekani. Katika miaka ya 1973 mpaka 1975 mvua zikakosa tena sehemu nyingi za nchi, na Serikali ikalazimika kutumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka. Wakati huo watu wa Dodoma walikuwa wamekwisha hamishwa kuingia katika vijiji vya pamoja, kazi iliyoanza mwaka 1970 na 1971. Shule na zahanati zilikaribia watu, nasi twashukuru. Lakini vile vipande vya shamba, kimoja bondeni na kimoja mlimani, vilikuwa mbali sasa, na wengi waliviacha. Baada ya hapo Serikali ilianza kuweka akiba ya nafaka ya taifa, ambayo tangu mwaka 2008 imo mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye maghala makubwa hapa Dodoma. Akiba hiyo imeokoa watu. Tungekosa adabu tusipoisema.

Ila ni akiba ya mahindi zaidi. Kwa miaka mingi chakula cha msaada kilipokuja kilikuja mahindi, na watoto waliokula mahindi katika njaa wakakua wakiyapenda mahindi katika shibe. Uwele hupigwa na ndege, hasa kwelea kwelea, yataka mtoto akae shambani kutwa kuwafukuza, na siku hizi mtoto yuko shuleni, ndipo anapostahili kuwa. Tena kuutwanga ni kazi ya wanawake ya kuvunja mgongo. Basi watu wakapanda mahindi katika nchi ya Februari kavu. Muhindi ukinyimwa maji wakati wa kutoa mbelewele hauna la kufanya; uwele na mtama hungoja. Wataalamu wa kilimo katika kituo cha Hombolo wametoa mbegu za mtama zinazokomaa upesi, kama ile iitwayo Macia, nazo ni nzuri; lakini mbegu nzuri haina faida kwa mtu aliyekula mbegu zake.

Hilo tulilijua kwa kosa letu wenyewe. Baada ya mvua za mwaka 2005 kukosa, hata bwawa la Mtera likapungua na watu wa mijini wakakatiwa umeme, mahindi ya msaada yaliletwa katika kijiji tulichokuwa tukifanya kazi. Sisi tuliojua kuandika tuliitwa kusaidia kuandika majina. Amri ilikuwa, mwenye ng'ombe asiandikwe. Tuliona ni amri ya haki. Alikuja mzee mmoja mwenye ng'ombe wanne, wawili wakiwa maksai wa kulimia, nasi tukamwambia, Wewe una mali, Mzee, nenda ukauze. Akaenda. Lakini katika mwaka wa njaa kila mtu huuza ng'ombe na kila mtu hununua nafaka, ndiyo sababu ng'ombe huanguka bei siku ile ile nafaka inapopanda. Mnyama ambaye mwaka wa shibe hununua magunia, alipata kwa huyo debe chache tu. Aliuza wa kwanza, akauza wa pili, mwisho akauza maksai, wakala na mbegu. Mvua ziliporudi zilikuwa njema kabisa. Waliopewa mahindi walipanda. Yeye alikuja mlangoni petu akaomba kibarua cha palizi kwa mtu wa umri wa mwanawe, wala hakutukumbusha neno lolote. Alitwamkia kwa heshima kama siku zote, na sisi ndio tulioshindwa kumtazama.

Tangu hapo tumepunguza kuuliza, Huyu ana nini? Tumejifunza kuuliza, Huyu atapanda nini? Tulipeleka neno hilo katika baraza la mtaa. Halikupokewa upesi, wazee wa kanisa walisema kwamba sadaka ya mavuno ni ya Kanisa, yauzwa, na fedha huezekea paa. Ilichukua miaka, na magomvi ambayo hatutayaandika humu. Mwishowe iliamuliwa ya kuwa sehemu ya kumi ya sadaka ya mavuno isiuzwe, iwe uwele na mtama uliochaguliwa masuke, ukaushwe, uchanganywe na majivu kwa ajili ya wadudu, uwekwe. Anayekopa debe hurudisha debe na kibaba juu, wala haulizwi dini yake. Mwaka mmoja debe nyingi hazikurudi, kwa sababu ukame uliwapata wakopaji wote pamoja, ikabidi kuanza upya.

Mbegu hizo ziko katika chumba kidogo nyuma ya vestri, ndani ya mapipa, kwa kuwa vilindo vya magome havitengenezwi tena ila na wazee wawili watatu. Ufunguo wanao akina mama wa umoja wao. Baba mchungaji aliuomba mara moja apate kuweka viti vya arusi, wakamnyima.